Kapiteni Mabega Alikufa, au Nilimuua Mimi?

Gitega, Agosti 2010

Shangazi Kadidja mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba uutoe haraka, maana Jumapili ya mwisho wa mwezi huu ama nitapata mke ama nitamkosa moja kwa moja, na atakayenikosesha ni mtu ambaye hata hayupo duniani, kapiteni wa chombo cha angani, na tafadhali jina langu usilitaje kwa sababu mtaani kwetu gazeti lako linasomwa kwa sauti barazani, na anayelisoma ni baba mdogo wangu, ndiye ninayemwogopa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona pamoja na baba mdogo, Mzee Athumani, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki, lakini Jumamosi na Jumapili baada ya adhuhuri ninafasiri filamu katika chumba cha video cha Bwana Alibhai, yaani filamu inasema Kiingereza na mimi nasimama kando ya pazia na kipaza sauti, nawaambia watu kwa Kiswahili huyu kasema nini na yule kajibu nini, na sitaki kujisifu lakini wanatoka mpaka Mushasha, walimu wazima, kuja kunisikiliza. Sasa Shangazi nianze na kosa la kwanza. Kiingereza sikijui. Sisi tulisomeshwa kwa Kifaransa, na Kiingereza changu ni kile cha kwenye lebo za mashati, lakini mtu ukimwangalia uso anavyoukunja na kidole anavyokinyoosha unajua tu anachosema, na kwa miaka mingi haikumdhuru mtu.

Filamu yenyewe ni Chombo Namba Tisa, nadhani unaijua, imeshafika sehemu ya saba, na shujaa wake sisi Gitega tunamwita Kapiteni Mabega, kwa sababu jina lake la kweli sikuwahi kulisikia vizuri ila mabega yake kila mtu aliyaona. Miaka mitano iliyopita tulikuwa tunaonyesha sehemu ya tano, tumekaribia mwisho, mlango wa chombo ukafungwa Mabega akiwa nje, moshi mweupe ukamfunika, na papo hapo umeme ukakatika. Chumba kilikuwa kimejaa mpaka madirishani, watu wakaanza kunidai, amefanyaje, amefanyaje, kipaza sauti kilikuwa kimezimika lakini mdomo wangu haukuzimika, nikasema amekufa. Laiti ningeishia hapo. Nikaongeza kwamba kabla ya kukata roho aliacha wosia, mke wake asiuze lile shamba la kwenye mwezi na vijana wa chombo wasigombane, na watu wakalia gizani, nami nikawasikia wanalia nikaona raha, nisikufiche. Umeme haukurudi, kesho yake diski ikarudishwa Bujumbura kwa mwenyewe, na mwisho wa filamu ile sijauona mpaka leo ninapokuandikia.

Baba mdogo alikuwa anampenda Mabega kama ndugu yake wa tumbo moja, siku ya pili hakugusa cherehani, na baada ya wiki mashabiki wakakusanyika barazani kwetu kuondoa matanga, kwa Fanta na mishikaki, yeye akasimama akatoa hotuba akamtaja marehemu kuwa mtu aliyekuwa hapigi kelele kazini.

Halafu ikaja sehemu ya sita, na dakika ya kwanza tu akatokea Mabega mzima wa afya, amekaa anakunywa kahawa. Shangazi, chumba kizima kiliacha kuangalia pazia kikaniangalia mimi. Nikasema huyu siyo yeye, huyu ni Butoyi. Unajua kwetu pacha anayetangulia ni Bukuru na anayefuata ni Butoyi, basi nikaeleza kwamba marehemu ndiye alikuwa Bukuru na huyu mdogo wake alikulia mbali, kwa shangazi yao, watu wakashusha pumzi, na baba mdogo akasema kwa sauti kwamba hata mwendo wao hauko sawa.

Mwezi uliopita imekuja sehemu ya saba, na humo Butoyi anafika nyumbani kwa Mabega, mke wa Mabega anamkimbilia, wanakumbatiana, wanaingia ndani na mlango unafungwa. Hapo sikufasiri kitu, nilikohoa tu, lakini Gitega haijalala vizuri tangu siku ile. Nusu wanasema ni vyema mke wa marehemu abaki katika ukoo, nusu wanasema sawa lakini angetuma wazee kwanza, na kiongozi wa hiyo nusu ya pili ni baba mdogo, anayekata kitambaa huku anajibizana na mteja mpaka suruali ya mtu ikatoka na mguu mmoja mfupi.

Sasa nifike kwa Mwajuma. Ni binti wa Muyinga, anauza vitenge sokoni, tumejuana miaka miwili na ninampenda, sina njia nyingine ya kulisema. Kosa langu ni kusahau kwamba Muyinga nako wanaangalia Chombo, na mfasiri wao ni Houssein, aliyekulia Tanzania na kusoma huko, Kiingereza anakijua kama anavyojua jina lake, kwa hiyo watu wote wa Muyinga wanajua kwamba siku ile Mabega alikohoa ndani ya moshi, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma, basi. Kwao hakuna marehemu na hakuna pacha.

Tulikwenda kuposa wiki mbili zilizopita. Unajua desturi, kila upande una msemaji wake na wasemaji lazima wataniane kabla ya kufika kwenye jambo, wetu alikuwa baba mdogo na wao alikuwa Mzee Matata, fundi wa baiskeli, mjomba wa Mwajuma. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba mdogo akataka kupamba, akasema kijana wetu ana adabu, amewatuma wazee, hakufanya kama Butoyi kuingia nyumba ya ndugu yake marehemu bila kubisha hodi. Upande wetu tukacheka. Upande wao hakuna aliyecheka.

Mzee Matata akauliza, "Ndugu yake gani? Ule bwana iko muzima. Ile ni bibi yake mwenyewe, na we uko namutukana mbele ya batoto."

Baba mdogo akasema, "Alikufa. Mi mwenyewe nilimulilia. Mutoto wangu huyu ndiye alitufasiria, na mutoto wangu hasemake uongo."

Wote wakanigeukia, na mimi nikaiangalia chupa yangu ya Fanta. Kutoka hapo walibishana mpaka chai ikapoa, Mzee Matata akasema watu wanaozika mtu hai hawawezi kupewa binti, baba mdogo akachukua kofia yake, na tukarudi Gitega na kapu letu la posa jinsi lilivyokwenda. Kesho yake Mwajuma akanipigia simu, hakunisalimu, akasema, "Uthmani, donc we ile filme uliionaga mpaka mwisho?" Nikasema, "Niliona yote." Akasema sawa, akakata.

Wazee wengine wa pande zote mbili wameombana, tukutane tena Jumapili ya mwisho wa mwezi, huko huko Muyinga. Lakini baba mdogo anasema hakanyagi Muyinga mpaka Matata akiri kwamba Mabega alikufa, na Matata anasema sisi ndio tufute maneno kwanza, na mimi bila baba mdogo sina wa kunisemea. Nikisema kweli, mzee aliyenilea atachekwa katika mikoa miwili. Nimefikiria njia mbili. Ya kwanza, niseme kuna filamu mbili tofauti, moja ililetwa Gitega na nyingine Muyinga. Ya pili, niwaombe wote wasubiri sehemu ya nane, maana nasikia humo Bukuru anafufuka. Naomba unichagulie iliyo bora.

Wako,
Mfasiri aliyebanwa

SHANGAZI KADIDJA ANAJIBU

Mfasiri,

Umeniomba nisitaje jina lako, halafu ukaliandika mwenyewe katikati ya barua. Nimekubadilishia jina, na la mchumba, na la mzee, na la kila mtu. Ukiandika tena kwa mtu mwingine, soma barua yako kabla ya kuitia kwenye bahasha.

Mimi ni mama wa mapacha. Nina Bukuru wangu na Butoyi wangu, wana ndevu sasa, na nakuhakikishia kwamba hawapatikani kwa umeme kukatika. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza. Nilipofika kwenye chupa ya Fanta nikaacha kucheka, nikaiweka barua mezani, nikaenda kuchemsha chai ili nisikujibu kwa hasira. Chai imekwisha na hasira bado ipo, basi vumilia.

Kusema "amekufa" nakuhurumia. Ulikuwa gizani, watu wanakudai mwisho wa hadithi, na wewe huna. Hata pacha nakuhurumia kidogo, ulikuwa umeshikwa. Wosia sikuhurumii. Wosia hakuna aliyeuomba. Uliutoa ili walie, na walipolia ukaona raha, umesema mwenyewe, na nakuheshimu kwa kulisema hilo.

Njia zako mbili zitupe. Ile ya filamu mbili Houssein ataivunja kwa sentensi moja. Ile ya kufufuka, utamfufuaje mtu anayekunywa kahawa? Na hiyo sehemu ya nane ikija utaifasiri wewe, kwa hiyo tunajua itakavyokuwa.

Unasema unamwogopea mzee asichekwe. Sikuamini. Unajiogopea wewe. Mzee alishaaibika, mwanangu, tena ugenini, tena mbele ya watu alioenda kuwaomba mke kwa ajili yako. Alisimama akasema mtoto wangu hasemi uongo. Ungeweza kumgusa mkono ukamwambia baba, kaa, kuna jambo. Uliangalia chupa. Mtu aliyekulea na kukufundisha kazi umemwacha apigane peke yake kwa ajili ya kitu ulichokitunga wewe, na mpaka leo anapigana kila siku mbele ya wateja. Hiyo ndiyo aibu, hayo ya kapiteni ni mchezo tu.

Sasa huyo binti. Wewe unadhani alikuuliza habari ya filamu. Filamu anaijua kuliko wewe, ameiona kwa Houssein mpaka majina ya waliopika chakula. Alikuwa anakupa nafasi. Alitaka kujua kama mtu anayetaka kumwoa anaweza kusema "sijui" kwa mdomo wake. Kesho utampeleka mtoto hospitali, daktari atasema jambo usilolielewa, utarudi nyumbani na kumwambia mama yake nini? Utaletewa karatasi ya kiwanja kwa lugha usiyoisoma, utaangalia uso wa karani anavyoukunja? Mwajuma alifikiria hayo yote kabla ya kushika simu. Ukamjibu "niliona yote," naye akasema sawa. Mwanamke akisema sawa namna ile, mambo siyo sawa.

Basi fanya hivi.

Gazeti hili linatoka Jumatano, na umeniambia anayelisoma barazani ni baba mdogo wako. Kwa hiyo unayo asubuhi ya leo tu, kabla hajafika kwenye ukurasa huu. Mwambie pale kazini, mashine zikiwa zimesimama, mkiwa wawili, na usizunguke. Atakasirika. Pengine hatasema nawe mpaka Ijumaa. Kaa, shona, mletee chai, usijitetee. Lakini kuna kitu hujakifikiria hata kidogo katika kurasa zako zote nne. Mzee huyo amemlilia rafiki yake miaka mitano, na rafiki yake hakufa. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Wewe ndiye mtu pekee Gitega unayeweza kwenda kumpa habari hiyo, na umekaa nayo kwa sababu ya sifa za kipaza sauti. Mpe mzee mtu wake. Nina hakika atatukana kwanza, halafu atauliza alipita wapi.

Jumapili nendeni Muyinga mapema. Kabla ya posa, mwombe Houssein awaonyeshe sehemu ya tano, mzee wako na Mzee Matata wakae benchi moja, Houssein afasiri, na wewe ukae nyuma kimya kama mtu aliyelipa kiingilio. Wazee wawili wakikohoa pamoja na Mabega ndani ya moshi ule hawatahitaji mpatanishi. Baada ya hapo simama mbele ya pande zote, sema: ni mimi, umeme ulikatika, sikujua, nikatunga, baba yangu hana kosa. Kaa chini. Usiongeze wosia.

Kazi ya kufasiri usiiache, watu hawatoki Mushasha bure. Ila Jumamosi itakayofuata waambie wateja wa Bwana Alibhai ukweli wa Butoyi, na ukifika mahali usipoelewa sema hapa sijui, tuangalie. Watakuzomea wiki moja. Na muda huo mwombe Houssein akufundishe Kiingereza, umshonee suruali yenye miguu sawa.

Lakini kabla ya wazee, kabla ya filamu, hata kabla ya kumaliza kusoma jibu hili kwa mara ya pili, mpigie Mwajuma. Mwambie: sikuiona mpaka mwisho, na nilikudanganya. Kisha unyamaze. Sijui atajibu nini, na wewe hujui. Anaweza kucheka, anaweza kulia, anaweza kukaa kimya muda mrefu ukamsikia anapumua tu. Msikilize mpaka amalize yeye mwenyewe, na usimfasirie.

Shangazi Kadidja