Kila Tope Lina Mwenyewe

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za kaka yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini zitakukuta kidonda cha upasuaji kimeshapona kabisa, shemeji ni mzima, na mpwa wangu anaendelea kutambaa na kutia mdomoni kila anachokiokota sakafuni. Mimi ni mzima wa mwili. Goti linalalamika asubuhi, likishapata joto linanyamaza. Ya moyoni nitayasema humu humu, kwa sababu kwenye simu nimejaribu, na kila nikifungua mdomo naishia kukuuliza kama huko mvua zimeanza.

Najua utashangaa kupata barua wakati unakuja mwenyewe mwisho wa mwezi. Nimetaka itangulie. Kuna jambo ni heri ulijue ukiwa bado kwako, umekaa kwenye kiti chako, kuliko ulijue ukiwa umesimama kwenye korido yetu na mtoto mgongoni.

Kwanza habari za nyumba. Nyumba ipo, ila inanipwaya. Tangu tumzike mama naishi jikoni na kwenye chumba changu cha kazi, basi. Kwingine napita tu. Bado napika cha watu wawili, mkono umezoea, halafu nakula kiporo siku inayofuata na kujisifu kwamba nimebana matumizi. Redio naiwasha ili pawe na mtu anayeongea. Jirani yetu alikuwa akija kila jioni siku za mwanzo za msiba, sasa naye ana yake, na mimi simlaumu. Nakwambia tu kwamba ukikaa peke yako muda mrefu unaanza kuwajibu watangazaji, na mmoja wao tumeshakosana.

Kwa hiyo nimezama kwenye vifaru vyangu. Cheka tu, umenicheka miaka mingi, na mama aliyenifundisha kuvaa viatu alikuwa akiniita mtu mzima ovyo mbele ya wageni. Alikuwa na haki. Maisha yangu yote nimekuwa fundi rangi wa magari. Gari linaletwa limekwaruzwa ubavuni, kutu imelila mlangoni, nalipiga msasa, napaka, mwenyewe akija analipita bila kulitambua. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Msasa. Leo nimestaafu, nanunua kifaru cha plastiki kipya ndani ya boksi, cha urefu wa kiganja, nakiunganisha vipande, nakipaka rangi safi, kisha wiki nzima nahangaika kukichakaza. Mama alisema kama nilikuwa na hamu ya uchafu kiasi hicho, viatu vyangu vilikuwa mlangoni vinangoja kuoshwa.

Vumilia kidogo nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo hutanielewa huko mbele. Kifaru changu cha kwanza nilikiharibu. Nilichota udongo wa uani, nikauchanganya na gundi ya mbao, nikakipaka chote kwa mkono uleule wa kupaka gari, hapana palipozidi wala palipopungua. Nikakipeleka kwa fundi saa wa pale kona, mwenzangu pekee katika ugonjwa huu. Akaweka ile lenzi yake jichoni, akakigeuza huku na huku, akaniuliza kama hilo tope lilinyesha kutoka mbinguni. Akasema zile punje za mchanga, kwa udogo wa kifaru kile, ni mawe ambayo dereva mwenye akili angeyakwepa. Udongo, akasema, uchekeche kwa soksi ya nailoni, uongeze chaki iliyosagwa. Tope hurushwa na minyororo, kwa hiyo lianzie chini na kupungua kadiri linavyopanda. La juzi liwe limepauka, la leo liwe jeusi, na ulipitishie vanishi kidogo ili lionekane bado bichi.

Nilidhani amemaliza. Akanirudishia kifaru changu na kuniambia kwamba kila tope lina mwenyewe. Kabla hujaweka doa jiulize ni nani aliyepita hapo, alikanyaga wapi, alishika wapi alipokuwa akipanda. Pale mkono unaposhika kila siku rangi huisha na chuma hung'aa. Pale asipofika mtu vumbi hulala. Kama humjui aliyepachafua, akasema, paache safi. Niliondoka pale nimenuna, lakini kuanzia siku ile siwezi kutazama swichi ya taa wala ngazi ya mtu bila kumtafuta mwenye uchafu wake.

Mama hakuwahi kuingia kwenye chumba kile. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia harufu ya tapentaini itamsumbua kifua, na hilo lilikuwa kweli, ila ukweli mwingine ni kwamba nilichoka kuambiwa mtu mzima ovyo nikiwa nimeshika brashi ya unywele mmoja. Alitii. Mchana nilifanya kazi, mlango nimeuacha nusu wazi kwa tofali ili hewa ipite, naye alikuwa chumbani kwake amelala, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Siku moja tu, tuko mezani tunakula, aliniuliza kama yule askari mdogo ameshapata mkono wake. Kweli nilikuwa na askari wa kusimama juu ya kifaru ambaye mkono wake uliruka ukapotea, nikadhani uko kwenye zulia, lakini sikukumbuka kumsimulia. Nikajua nimeshaanza kuongea peke yangu kwa sauti. Nikamjibu kwamba bado, akasema maskini, tukaendelea kula.

Sasa tuje kwenye ukuta.

Uliponipigia ile Jumapili, ukasema unakuja, nilifurahi mpaka nikazima redio. Halafu ukasema neno moja ukilia. Ukaniomba nisiguse korido. Ukasema hukumzika mama kwa kuwa madaktari walikukatalia kusafiri na kidonda kibichi, hukumwonyesha mtoto wako, na kitu pekee unachokitaka katika nyumba hii ni ile alama ya mkono wake ukutani, pale alipokuwa akijishikiza kutoka chumbani hadi bafuni. Ukasema utauchukua mkono wa mtoto na kuuweka palepale alipokuwa akiuweka bibi yake. Nami nikakujibu kwamba usiwe na wasiwasi, ukuta uko vilevile, sijagusa.

Mdogo wangu, nilikuwa nimeupaka wiki iliyotangulia.

Sikuupaka kwa ubaya. Niliona nyumba imefifia, nikajiambia dada yangu siku moja atakuja na mtoto, asikute nyumba ya msiba. Nikapiga msasa, nikapaka mikono miwili ya rangi ya maziwa. Ile alama niliiona. Niliiona kama fundi anavyoona doa, nikailainisha na kuifunika, na jioni nikasimama kuisifu kazi yangu. Ulipotaja mkono wa mtoto ndipo nilipofahamu nilichofuta. Maji yakimwagika hayazoleki, na kwa hofu na aibu nikachagua kukudanganya.

Nilikata simu. Kisha nikafanya ninachokijua. Nikachukua rangi zangu za mafuta, ya kahawia na ya kijivu, nikazizimua kwa tapentaini, nikasaga chaki, nikachana sponji vipande vidogo. Nikaanza kuuchafua ukuta wa mama kama ninavyochafua kifaru. Nilikumbuka somo: nisipake sawasawa. Nikachukua mkongojo wake kwa mkono wa kulia, nikajiinamisha mpaka kimo chake, na kutembea kutoka mlango wake kwa hatua zile zake fupi, mkono wa kushoto ukutani. Pale aliposimama kupumua nikaongeza. Pale alipopitisha vidole tu nikagusa kidogo. Kwenye kona ya bafuni, alipokuwa akijigeuza kwa kiganja kizima, nikaweka doa zito. Bado halikuwa na ule mng'ao wa mkono wa mtu. Vanishi ilinikatalia. Nikaenda chumbani kwake, nikachukua ile chupa ya mafuta yake ya kujipaka ambayo sikuwa na moyo wa kuitupa, nikayamaliza yote pale ukutani. Mafuta ni yake, mkono ni wangu.

Nikuambie kweli, ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Fundi saa mwenyewe asingeitambua hata kwa lenzi. Nilikaa sakafuni nikaitazama, na sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa dakika zile, kwa kuwa duniani kote ni mimi tu niliyejua kwamba mama hayupo pale.

Kisha nikataka kuhakikisha. Nikarudia safari yake, mgongo nimeukunja, mkongojo mkononi, kutoka kwake hadi bafuni. Nilipofika usawa wa chumba changu mlango ulinizuia, ule mlango unaofungukia koridoni na kuegemea tofali. Mimi mwenye kimo changu huupita bila kuangalia nyuma yake. Kwa kimo cha mama niliona kwamba nyuma yake pana pembe inayomtosha mtu mmoja mdogo. Na niliona kwamba pale sikupaka. Sisi mafundi wa magari tuna dhambi hiyo: pale ambapo mwenye gari hataangalia, hatupaki. Sikujisumbua kusogeza tofali.

Nikalisogeza. Ukutani palikuwa na doa refu usawa wa bega lake, na juu ya hilo jingine la duara, la mafuta, pale kichwa kinapofika mtu akijiegemeza. Sakafuni palikuwa na viduara vyeusi vya kofia ya mpira ya mkongojo, vingi, vimepandana, vya zamani vimepauka na vya karibuni bado vyeusi. Nilijiuliza kama nilivyofundishwa, ni nani aliyesimama hapa, na kwa nini. Nikaingia kwenye ile pembe, nikaweka bega langu kwenye bega lake. Kati ya mlango na fremu, kwenye bawaba, pana upenyo. Ukiweka jicho pale unaiona meza yangu yote: taa, brashi, mikono ya anayefanya kazi.

Alikuwa akija, mdogo wangu. Nilimkataza kuingia, naye hakuingia. Alisimama nyuma ya mlango, na magoti yake yale ya mkongojo, na kifua chake kile, akinitazama mtu mzima ovyo nikichezea udongo. Hakuja mara moja wala mara mbili, sakafu yenyewe inasema. Hata mkono wa yule askari aliuona unaruka. Miaka yote ile nilijihesabu mpweke ndani ya chumba kile, na sikuwa peke yangu. Angekohoa tu ningetoka kumletea kiti. Nimelia, sikufichi, nimelia kuliko siku ya maziko, maana siku ile nilikuwa na watu wa kuwahudumia.

Basi hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Kabla ya kuona pembe ile nilikuwa tayari kukunyamazia mpaka kaburini. Ungeuweka mkono wa mtoto ukutani, ungelia, ungeondoka na faraja yako, nani angejua? Lakini mtoto angekua anasimulia kwamba aliwahi kushika alipokuwa akishika bibi, kumbe alishika ufundi wa mjomba. Sikuweza. Sasa ujue: alama ya koridoni ni yangu. Ukiniamuru niifute nitaifuta mbele yako, rangi ipo ya kutosha. Ukitaka ibaki, ibaki, lakini ibaki ukijua. Ukitaka kugomba, gomba, nimestahili, na nyumba hii imekosa sauti ya mtu hata ya kugomba.

Ya mama ni ile ya nyuma ya mlango. Hiyo sijaigusa na sitaigusa, hata vumbi lake silifuti. Tofali nimeliondoa, nimelipeleka uani. Mkono wa mtoto tuuweke pale, usawa wa bega la bibi yake. Wewe utatosha kwenye ile pembe bila kujiinamisha, kimo mmerithiana. Ukishaingia, weka jicho kwenye ule upenyo. Nitakuwa nimekaa mezani, taa inawaka, nafanya kazi. Nataka uone alichokuwa akikiona. Halafu, nakuomba sana, kohoa.

Mfikishie shemeji salamu zangu na umwambie kitanda cha wageni nimekikaza misumari, hakipigi kelele tena. Mpwa wangu mbusu mashavu yote mawili kwa niaba yangu. Njiani mfunike kifua, upepo wa madirisha ya basi si rafiki wa mtoto. Mkishuka nitakuwa stendi nawasubiri, na mizigo yote nitabeba mimi, goti litake lisitake.

Ni mimi kaka yako anayekukumbuka,

Msasa

Yule askari, mkono wake nimeupata. Ulikuwa nyuma ya mlango, umewekwa juu ya ule ubao mwembamba unaopita chini ukutani, mbali na vumbi. Mkono wa plastiki hauwezi kupanda pale wenyewe.