Kisanduku cha Kumrekodi Babu

Jumamosi, Sabato imeisha

Bado sijaamua, na ninajikasirikia. Jana dukani Keroka nilijaribu visanduku viwili vya kuunganishia maikrofoni kwenye laptopu yangu inayoendeshwa na Linux. Cha bei nafuu, Linux haikukitambua kabisa. Cha pili ilikitambua papo hapo, lakini kina tundu moja tu. Nilitaka mawili: moja la sauti ya babu, moja la obokano yake, kinubi cha nyuzi nane. Nikarudi mikono mitupu.

Babu aliacha kuipiga alipobatizwa, maana ilikuwa ya vilabu vya pombe. Amekubali kunipigia mara moja tu. Kila Sabato ikiisha huniuliza, “Mjukuu wangu, kile kitu kimefika?”

Leo jua limetua tukiwa jikoni. Amemaliza chai yake, akaenda kulala.

Hakuniuliza.