Kamba ya Bega la Kulia

Jumatatu, 23 Novemba 1857

Hilary kasimulia tena Somosierra. Mezani, supu ikipoa. Leo kawachoma mkuki wapiga mizinga wawili; mwaka jana alikuwa mmoja.

Hatukuwa na mikuki Somosierra. Tulikuwa na panga zilizopinda na bastola. Mikuki tulipewa mwaka uliofuata, na Hilary alijiunga mwaka mmoja baadaye. Nimemwambia hivyo tangu tufukuzwe Polandi, miaka ishirini na sita sasa. Husema anaukumbuka uzito wake mkononi. Kisha hunipitishia chumvi.

Sista Benigna, anayetutunza wazee wa Kipolandi hapa Paris, aliuliza kama Somosierra ni mto. Ni njia ya mlimani, Hispania. Tuliishambulia kwa farasi: mizinga kumi na sita, dakika nane. Mimi nilikuwepo.

Jumatano, 25 Novemba

Hilary hakuamka kunywa chai. Mapafu. Daktari alimsikiliza kifua, akafunga mkoba wake taratibu. Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa yake.

Anataka azikwe na koti lake la kikosi. Nikalitoa sandukuni. Kofia ya pembe nne ilibaki Urusi. Koti ni buluu iliyokoza, kifua cha damu ya mzee. Nondo wamekula kola tu — wana adabu. Sista akasema kifua ni chekundu. Nikamsahihisha: damu ya mzee.

"Ya mzee gani, Koplo?" Hilary akauliza kutoka kitandani. "Yangu au yako?"

Alicheka, akakohoa muda mrefu.

Alhamisi, 26 Novemba

Alimtuma Sista akalete maji. Maji yalikuwepo. Kisha akaniambia:

"Koplo, ile kamba. Ihamishie kulia."

Niandike vizuri. Kamba nyeupe ya kusuka tuliivaa bega la kulia. Tulipopewa mikuki ikawa inanasa, ikahamishiwa kushoto. Basi koti lenye kamba kulia ni koti la Somosierra. La Hilary lina kamba kushoto, kama inavyostahili. Mimi peke yangu humu ndani ndiye ninayejua tofauti. Yaani angedanganywa mtu mmoja.

Nikamwambia hakuwepo.

"Nilikuwepo. Ulinipeleka wewe."

Alikuwa na maana ya Urusi, mwaka wa 1812, jeshi likirudi nyuma. Tuliketi kwenye theluji, mgongo kwa mgongo. Aliyesinzia aliachwa palepale. Nilimsimulia Somosierra siku saba ili asisinzie: kila farasi, kila jiwe. Nilidhani hasikilizi.

"Hukusema nilishika nini," akasema. "Nikashika mkuki. Ndio niliokuwa nao."

Nilimuuliza, kwa kumjaribu, ni nani alianguka kwenye safu ya pili ya mizinga, ubavuni kwangu.

"Brzostek. Kofia ya kuazima, ilikuwa ikimziba macho. Ulimwambia airudishe, akasema kesho."

Nilikuwa nimelisahau jina hilo. Sijui tangu lini. Brzostek. Nimeliandika hapa mara mbili sasa.

Kamba niliiacha kushoto. Sista alirudi na maji.

Ijumaa, 27 Novemba

Amefariki saa tatu asubuhi.

Supu ya kiazi chekundu. Hakuna aliyesimulia. Chumvi ilikuwa mbali.

Jumatatu, 30 Novemba

Miaka arobaini na tisa leo tangu Somosierra. Mazishi saa nne.

Sista amekuja mapema kuuliza aandike nini msalabani chini ya jina. Wengine wameandikiwa vita vyao. Ataandika nitakachomwambia, kwani mimi ndiye mwenye kujua mambo haya. Nikamwambia angoje, koti halijawa tayari.

Liko mapajani. Nimefumua nyuzi za bega la kushoto. Zilikuwa zimeoza, ingebidi zifumuliwe kwa vyovyote. Sasa kamba iko mkononi na mabega yote mawili yako wazi. Kwa koti kama hili hakuna mwaka unaoweza kutajwa.

Sindano imeukataa uzi mara tatu. Macho.

Nimejaribu mwenyewe kuikumbuka kofia ya Brzostek, bila sauti ya Hilary. Haiji.

Sista kabisha hodi mara ya pili. Hakuuliza kama ni kweli Hilary alikuwepo. Ameuliza, kupitia mlangoni, Somosierra huandikwa kwa r ngapi.

Mbili, nimemjibu. Hapo nina hakika.