Kigango Darasani

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Malindi hatujambo. Babu yako kikohozi kimempungua, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama nami niliwahi kuogopa darasani, kama unavyomwogopa mkaguzi atakayekuja kukutazama ukifundisha. Niliogopa, miaka ya themanini, nikisomesha karibu na Marafa.

Nilikuwa nikifundisha ulinganifu. Watoto walipaka rangi upande mmoja wa karatasi, wakaikunja, na ua likatokea pande zote mbili. Nikawaambia, "Kesho leteni pambo la nyumbani lenye pande zinazofanana."

Wengine walileta leso. Kadzo alileta kigango cha babu yake, ile nguzo iliyochongwa kama mtu ambayo Wagiriama humsimamishia mzee aliyekufa ili roho yake ikae humo.

"Kilikuwa kimelegea, mwalimu, nikaking'oa. Tazama, kinafanana huku na huku."

Watoto walitoka mbio, wengine kupitia dirishani. Mimi nilirudi nyuma hadi ubaoni. Kila mtu alijua kwamba anayeking'oa kigango hujitakia maafa.

Tulikirudisha, Kadzo mbele, mimi nyuma, nami sikuthubutu kukitazama usoni. Mzee wa mji wao alikisimamisha, kisha akauliza, "Nani aliyemwita?"

"Ni mimi, baba," nikajibu.

"Basi amekuja. Mwambie ulichomwitia."

Nikapiga magoti, nikachora mstari mchangani, nikamfundisha marehemu somo zima huku kigango kikinikodolea macho. Hakuna aliyecheka.

Mkaguzi wako, mwanangu, angalau atapepesa macho.

Akuombeaye,
Bibi yako