Msasa Kwenye Uso wa Mfalme

Jumamosi jioni, Umoja. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi, nguo kwenye kamba hazikauki. Nimekasirika mpaka kichwa kinagonga. Naandika hapa kwa sababu nikimpigia ndugu yangu simu tena saa hizi nitasema maneno ambayo sitaweza kuyameza baadaye.

Mutuku ameharibu sarafu ya baba.

Wacha nianze mwanzo, pengine nitatulia. Baba yetu alikuwa mchonga vinyago. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza fanicha kwa mama mmoja Mzungu, na huyo mama alipofunga virago kurudi kwao alimpa baba sarafu moja ya shaba, nzito, pana kuliko kifuniko cha soda. Baba hakuitia mfukoni hata siku moja. Aliifunga kwa kitambaa, akaiweka kwenye kijisanduku alichochonga mwenyewe, na ikabaki humo mpaka alipotutoka.

Sasa mama anaishi kwa Mutuku, kule Njiru, na macho yake yana mtoto wa jicho pande zote mbili. Amesuka vyondo maisha yake yote. Siku hizi anasuka asubuhi, jioni anafumua, kwa sababu uzi umeenda kombo na yeye hakuuona. Daktari alisema waanze na jicho moja, akataja bei tusiyoiweza. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Tuuze ile pesa ya baba yenu."

Nikaichukulia hiyo kazi kwa moyo. Mimi ni karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nimezoea kuuliza kitu ni cha nini na kinauzwaje. Niliipiga picha pande zote mbili, mchana, nje mlangoni kwa Mutuku, nikampelekea mzee mmoja wa Eastleigh anayenunua sarafu za zamani. Ana kachumba ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa.

Yule mzee alinifundisha mengi. Kwamba ni peni ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, ya mwaka 1797, shaba tupu, na unaitambua kwa ukingo wake mpana wenye herufi zilizozama badala ya kuinuka. Kwamba ukitaka kujua imechakaa kiasi gani, unatazama sehemu zilizoinuka, maana hizo ndizo huanza kulika: majani ya taji kichwani kwa mfalme, na upande wa pili goti la mwanamke aliyechorwa amekaa na mkuki wa meno matatu. Ya baba ilikuwa na majani yote. Hata ile mistari midogo katikati ya jani ilionekana. Na ile rangi ya kahawia, mzee akasema, ndiyo ngozi yake. Akaniambia ikiwa iko vile picha zinavyoonyesha, atanipa elfu arobaini.

Elfu arobaini ni jicho moja. Nililia kwenye ngazi zake.

Aliniambia, "Ilete vile ilivyo." Nikaitikia tu, nikidhani ni maneno ya mtu mwenye haraka.

Sawa, niseme na hili, kwa kuwa hapa hakuna wa kunikatiza. Alhamisi nilimwandikia Mutuku ujumbe: "Iko chafu sana hiyo, isafishe kabla sijaja." Niliona haya kupeleka kitu kimepiga weusi mbele ya watu. Lakini nilisema isafishwe. Sikusema inyolewe.

Na Mutuku ni mchonga vinyago, mtoto wa mchonga vinyago. Kwake, kusafisha kuna njia moja. Msasa mkali kwanza, kisha wa kati, kisha ule laini ambao baba alikuwa akiuita wa heshima. Halafu rangi ya viatu na kitambaa, unasugua mpaka mkono ukuume. Hakuna mtu wa ukoo wetu amewahi kumpa mteja kitu bila kukipitisha humo. Hivyo ndivyo alivyoikalisha sarafu ya baba kwenye benchi na kuishughulikia jioni nzima.

Leo asubuhi alinipa ikiwa imefungwa vizuri, nikaitia kwenye mkoba bila kufungua kwa sababu ya mvua. Niliifungulia juu ya meza ya yule mzee. Ilikuwa inang'aa kama bomba jipya la sinki.

Mzee alishika lenzi, akaiweka chini bila kuitumia. Akaipima kwenye mizani yake ndogo. Peni hizi zote zilitengenezwa kwa uzito mmoja, akasema, na hii imepungua karibu gramu mbili, yaani gramu mbili za mfalme ziko sakafuni huko ilikotoka. Kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, nani amekufanyia hivi?" Ule upole ndio uliniudhi zaidi. Akasema mia tano, tena ni kwa huruma. Nikairudisha kwenye kitambaa nikaondoka.

Nilimpigia Mutuku nikiwa bado kwenye ngazi. "Lakini siste, si nimeing'arisha? Ilikuwa imeiva weusi hiyo." Nilimfokea mpaka wauza vitambaa wakatoka milangoni kuangalia. Nilimwita mjinga. Nikamwambia amemwacha mama gizani. Nilitaka yamwume, na yalimwuma.

Nina hasira na mikono yake. Nina hasira na msasa, na rangi ya viatu, na yule mzee na upole wake, na hospitali ambayo bei yake haishuki.

Nilirudi Njiru kuirejesha. Mama alikuwa ameketi kitandani, akanyoosha kiganja kabla sijasalimia. Nikamwekea. Akapitisha kidole gumba juu yake taratibu, mara moja, mara mbili.

"Majani yake yako wapi?"

Sikujua. Miaka hii yote sikujua kwamba alikuwa akiifungua na kumpapasa yule mfalme, hata baada ya macho kukataa. Akauliza ni nani aliyesema isuguliwe.

Mutuku alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mbao kwenye nywele. "Ni mimi, mama. Nilijiamulia tu."

Mama akamwambia baba yake asingemwachia hata kisu. Mutuku akasema, ndiyo mama. Hakunitazama. Ujumbe wangu uko kwenye simu yake, na simu ilikuwa mfukoni mwake, na hakuitoa.

Nami nikamwacha abebe lawama hiyo. Nilikunywa chai yote, nikasema Mungu atafungua njia, nikaaga.

Kwa hiyo hasira hii yote niliyomwaga hapa, najua inapaswa kwenda kwa nani.

Kesho baada ya ibada naenda Njiru. Nitakaa karibu na mama na kumwambia ni mimi, Mutuku akiwepo asikie. Nikitoka huko bila kusema, basi mwoga wa nyumba yetu ni mimi, na mama atalala tena akimlaumu mtoto asiye na kosa.