Mche wa Chai Nyuma ya Nyumba

Chebet wangu,

Hapa Boito ng'ombe amezaa, dada yako ameolewa kule Merigi. Nimebaki mimi na kuku. Jirani ananiandikia haya.

Umeuliza kwa nini huko Uingereza ni matajiri na sisi wachuma chai ni maskini. Nikiwa msichana, enzi za mkoloni, baba yangu alipanda mche mmoja wa chai nyuma ya nyumba. Askari, mtu wetu kabisa, akaja akaung'oa.

"Mzee, wewe chuma tu. Kupanda ni kwa mzungu."

"Na udongo ni wa nani?"

Askari akaondoka na mche.

Leo napanda, lakini bei inapangwa huko. Ukiambiwa sisi wavivu, waambie waje wachume na mimi. Majani mazuri yote yanakuja huko, na sasa hata wewe.

Kula ushibe.

Kogo, nyanya yako