Barua ya Onyo kwa Bw. Mikdad: Kumbukumbu za Kikao cha Saba cha Maandalizi ya Hakathoni

UMOJA WA WABUNIFU WA TEKNOLOJIA BAGAMOYO
KAMATI YA MAANDALIZI YA HAKATHONI, SHINDANO LA KUBUNI PROGRAMU ZA KOMPYUTA, LA SIKU TATU (26–28 JULAI)

Tarehe: Jumamosi, 29 Juni 2024
Mahali: Chumba cha juu, dukani kwa Bw. Lalji, Bagamoyo
Muda wa kuanza: Saa 9:15 alasiri

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Abdulwahab Kondo – Mwenyekiti
2. Bw. Zishan Lalji – Mweka Hazina
3. Bw. Abdillah Mrisho – Mjumbe, Chalinze
4. Bi. Mardhiya Seif – Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

MWALIKWA
Bi. Mwanabaraka Mwinyimvua – shangazi wa marehemu Bw. Mikdad

WASIOHUDHURIA
Fomu ya kamati ina safu mbili tu, "kwa udhuru" na "bila taarifa". Katibu hakujua amwandike wapi aliyekuwa Mratibu wa Ufundi, marehemu Bw. Mikdad Mwinyimvua. Mwenyekiti aliagiza pabaki wazi.

KUMB. NA. 1/7/2024: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua na marehemu alisomewa Fatiha. Simu za wajumbe ziliwekwa kwenye kapu mlangoni. Hii ni desturi tangu kikao cha pili, ilipobainika kwamba kamati ya teknolojia haiwezi kusikilizana ikiwa na simu mkononi. Bi. Mwanabaraka alikuwa na simu ya marehemu kwenye mkoba wake na alisema hiyo haiingii kapuni. Hakuna aliyembishia.

KUMB. NA. 2/7/2024: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA
Katibu alisoma kumbukumbu za Alhamisi, tarehe 6 Juni. Alipofika kifungu cha tano aliruka mstari, akasoma tena tangu mwanzo wa kifungu: "Bw. Mikdad alipinga washindani kukesha siku zote tatu. Baada ya kubishana na Mwenyekiti alisusa na kutoka saa 10:20 bila ruhusa. Kikao kiliazimia apewe barua ya onyo."

Kwa kumbukumbu: barua iliandikwa siku ya pili yake, Ijumaa, na kupelekwa na dereva wa bodaboda anayesambaza barua za Umoja. Hakukuta mtu nyumbani, kwa sababu mgonjwa alikuwa ameshapelekwa hospitali. Bw. Mikdad alifariki alfajiri ya Jumamosi. Dereva aliposikia msiba alidhani bahasha ile ni ya rambirambi, akaipeleka siku ya hitma na kuiweka pamoja na nyingine. Msomaji wa salamu aliifungua mbele ya kipaza sauti, akasoma hadi kwenye maneno "utovu wa nidhamu", ndipo aliposhikwa mkono. Wajumbe wote wanne walikuwepo pale jamvini.

Mwenyekiti alisema yaliyopita si ndwele, kikao kigange yajayo, kwani zimebaki wiki nne tu. Bi. Mwanabaraka alijibu, "Hayajapita, Abdulwahab mdogo wangu. Barua yenu ninayo hapa." Akaiweka mezani.

KUMB. NA. 3/7/2024: UJUMBE WA BI. ASHURA
Bi. Ashura, mjane wa marehemu, yuko edani na hatoki. Alimtuma Bi. Mwanabaraka na karatasi moja, ambayo Bw. Abdillah aliombwa aisome kwa sauti:

"Assalaam alaykum. Mume wangu hakususa. Kifua kilikuwa kinambana. Mimi nilikuwa Vigwaza kwa mama, nimerudi Ijumaa mchana nikamkuta kitandani hajiwezi. Kwenye simu yake kuna ujumbe alioupeleka kwa mmoja wenu saa 10:22 siku ile ya kikao. Una tiki mbili za buluu, maana yake umesomwa. Sitaki kumjua aliyeusoma. Nataka neno 'alisusa' lisibaki daftarini kwenu. Esha wetu ana miaka saba na anasoma kila anachokiona."

Bw. Zishan aliuliza ujumbe huo ulikwenda kwa nani. Katibu aliweka kalamu chini, kisha akaishika tena, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuandika.

Katibu alieleza kwamba ujumbe ulikuja kwake. Marehemu aliuandika kwenye ngazi baada ya kuchukua simu yake kapuni. Simu ya Katibu ilibaki kapuni hadi kikao kilipofungwa saa 11:30, na aliusoma palepale mlangoni, Mwenyekiti akiwa bado anakunja karatasi zake. Hakumwambia. Alikuwa na kinyongo tangu kikao cha tano, marehemu alipowatania wajumbe kwamba kumbukumbu za Katibu ni ndefu kuliko foleni ya Chalinze. Alijisemea kwamba huyu sasa anatafuta huruma. Siku ya pili aliandika barua ya onyo huku akijua.

Bi. Mwanabaraka aliwasha simu na kuisogeza mbele ya Katibu. Ujumbe unanukuliwa kama ulivyo: "Katibu, niombee ruhusa kwa Mzee. Kifua kinanibana, naenda kujilaza kidogo. Sikutaka kukata mazungumzo ya watu. Ila suala la kukesha bado sijakubali."

Mwenyekiti aligeukia dirishani. Baadaye alisema maneno "utovu wa nidhamu" yalikuwa yake, Katibu alikuwa ameandika "kutofuata utaratibu". Aliomba hilo liingie kwenye kumbukumbu. Limeingia.

Katibu aliuliza kama angesema jioni ile, na mtu akaenda kumjulia hali, ingekuwaje. Bi. Mwanabaraka alijibu, "Hilo analijua Mungu, mwanangu. Mimi sikuja kwa hilo, na usiku silali kwa hilo. Nimekuja kwa ajili ya neno moja." Katibu alilia. Anaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

KUMB. NA. 4/7/2024: MAANDALIZI YA HAKATHONI
Bw. Zishan alieleza kwamba waombaji sitini na mmoja wanasubiri majibu, lakini mfumo wa usajili haufunguki bila namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya marehemu. Alikuwa ameogopa kwenda kuiomba msibani. Bi. Mwanabaraka alisema ndiyo sababu simu imekuja. Bi. Ashura amesema wachukue wanachohitaji kwa kazi yao, picha wasiziguse.

Namba ilipoingia na orodha kufunguka, ilionekana marehemu aliongeza safu moja ambayo kikao hakikuiagiza: "mahali pa kulala". Waombaji wote sitini na mmoja walikuwa wameshapangiwa. Wasichana watano wa Ubena aliwaweka nyumbani kwake mwenyewe, na pembeni ameandika: "Ashura amekubali, wasije na vyakula."

Bw. Abdillah alisema orodha ilihifadhiwa mara ya mwisho Alhamisi tarehe 6 Juni, saa 1:05 usiku. Ni usiku wa siku ileile aliyotoka kikaoni akiwa mgonjwa.

Mwenyekiti mwenyewe alitoa hoja kwamba washindani wasikeshe. Hoja iliungwa mkono na wote.
AZIMIO: Taa za ukumbi zizimwe saa nne usiku kwa siku zote tatu, na orodha ya malazi ifuatwe kama ilivyo. Kuhusu wasichana wa Ubena, Bi. Mardhiya atawapokea kwake, kwa kuwa nyumba ya marehemu iko kwenye eda.

KUMB. NA. 5/7/2024: MAREKEBISHO
Bw. Abdillah alishauri ukurasa wa kikao cha sita uchanwe. Bi. Mwanabaraka alikataa, akasema mtoto atauliza ukurasa umekwenda wapi. Katibu aliomba kujiuzulu. Bi. Mwanabaraka alimwambia, "Andika kwanza."
MAAZIMIO:
(a) Barua ya onyo imefutwa. Mwenyekiti ataipeleka barua ya kuomba radhi kwa miguu yake, si kwa bodaboda.
(b) Kapu la simu limeondolewa.
(c) Kifungu cha tano cha kikao cha sita kipigwe mstari na kisomeke hivi: "Bw. Mikdad alipinga washindani kukesha, na alikuwa na haki. Alitoka saa 10:20 akiwa mgonjwa. Aliomba ruhusa kwa maandishi saa 10:22. Katibu alichelewa kulifikisha ombi. Ruhusa imetolewa tarehe 29 Juni."

KUMB. NA. 6/7/2024: KUFUNGA KIKAO
Bi. Mwanabaraka aliomba marekebisho hayo yaandikwe pia kwenye karatasi ya peke yake, kwa herufi kubwa. Wajumbe walisubiri Katibu akiandika. Saa 11:50 jioni Mwenyekiti alifunga kikao, na watu wakashuka ngazi.

…………………………
Abdulwahab Kondo
MWENYEKITI

…………………………
Mardhiya Seif
KATIBU

Nakala ya marekebisho:
Bi. Ashura, nyumbani
Esha Mikdad, darasa la pili